Uso wa Flora

Miaka ishirini nimemkorogea chokaa Ersilia Bozzano, fundi wa dari za majumba ya kale hapa Genova, na hasira zake nazijua zote. Hukasirikia kahawa iliyopoa, mkate wa mafuta uliolala, hata mvua. Lakini ile ya jumba la Oberto Cavanna inanichemsha hata mimi mpaka leo.

Oberto alikuwa amegeuza jumba la babu zake kuwa hoteli. Kwenye dari ya chumba kizuri kuliko vyote amechorwa Flora, mungu wa maua, na maji yaliyovuja yalikuwa yamemla bega. Ersilia alilijaza kwa desturi yetu: vistari vyembamba vya rangi, kimoja kando ya kingine. Ukiwa chini unaona bega. Ukisogea karibu unaona vistari, unajua hapa alipita fundi, si mchoraji wa kale. Kiraka hakijidai kuwa nguo.

Oberto akaja na darubini.

"Bi Ersilia, wageni watakiona kiraka. Paka rangi ifanane."

"Wakione. Mimi sighushi."

Akatufukuza kabla ya chakula cha mchana, akaleta mpambaji wa kumbi za harusi. Jamaa alikuwa na mkono mzuri, sikatai. Alifunika vistari, akaitandaza rangi hadi shingoni na usoni, mpaka mwenyewe asijue alipoanzia.

Mkaguzi wa majengo ya kale alipogundua, aliamuru rangi mpya itolewe yote. Badala ya kutuita, Oberto alimrudisha yuleyule. Jamaa akasugua kwa dawa na pamba, na pamoja na rangi yake akaondoa ya miaka mia tatu. Uso wa Flora ukaisha.

Hapo ndipo tulipoitwa, kwa sauti laini. Ersilia alipanda jukwaani, akapapasa pale peupe, akalia. Sikuwahi kumwona akilia. Nilitamani kumsukuma Oberto ngazini.

"Turudishie uso, Bi Ersilia."

"Uso umeutupa kwenye ndoo ya taka. Mimi nitakupa vistari."

Alifanya kazi miezi mitatu, na safari hii, kwa idhini ya mkaguzi, vistari aliviacha vinene. Darubini haihitajiki. Kila mgeni anayelala chali kwenye kitanda kile huuliza uso wa Flora umepatwa na nini, na Oberto, aliyeonea haya bega moja, inabidi ajibu.