Fundi Asiyerudi

Kila mvua ya kwanza ya msimu ikinyesha, kesho yake baiskeli ya Fundi Lami huikosi ukutani kwa Bibi Pasi. Mtaa mzima ulizoea. Tulimwita Fundi Lami kwa sababu dawa yake ilikuwa moja kwa kila ugonjwa: tundu la msumari, lami; bati lililooza, lami; kofia ya paa (lile bati la juu kabisa linalofunika pande mbili zinapokutana) ikipinda, lami. Alipanda asubuhi, akapaka, akashuka, na kuanzia hapo mpaka jua linapoa alikuwa kibarazani anakunywa chai ya Bibi Pasi na kumsimulia habari za watu ambao naapa hawajazaliwa. Mvua nyingine ikija, paa linavuja palepale au pembeni kidogo, na Lami anaitwa tena.

Sisi majirani tulisema bibi wa watu anauziwa mbuzi kwenye gunia. Mimi nilisema kwa sauti kuliko wote, maana tunachangia ukuta wa uani, na ulimi wangu nao hauna mfupa.

Bibi Pasi alikuwa dobi wa hospitali tangu usichana wake hadi alipostaafu. Mashuka, mapazia, makoti ya madaktari, yote yalipita mikononi mwake, na mikono ile haikupata habari kwamba mwenyewe amestaafu. Alipiga pasi hata matambara ya kudekia. Unaingia kwake unakuta tambara la sakafu limekunjwa pembe nne kama shuka la wodi ya kulipia. Marehemu mumewe, dereva wa gari la wagonjwa, ndiye aliyejenga ile nyumba ya vyumba vitatu. Akaiezeka kwa mikono yake, kwa mabati aliyokuwa akiyanunua moja moja, kisha hakuifaidi sana, akafa. Walikuwa na mtoto mmoja tu, wa kiume, anafanya kazi ya uhasibu mji wa mbali. Kwa hiyo vyumba vitatu, mtu mmoja. Kwangu ni kinyume: vyumba viwili na watu tumepangwa kama njiti za kiberiti. Kuna siku nilimwonea wivu kwa ule ukimya wake. Wivu wa kijinga, lakini ndio niliokuwa nao.

"Bibi," nilimwambia siku moja tukianika nguo, yeye upande wake na mimi wangu, "huyo mtu anakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa."

"Angenipaka mafuta ungeniona nang'aa," akasema. "Anapaka lami, tena juu ya paa."

"Basi tafuta fundi mwingine."

"Huyu nikimwita anakuja."

"Fundi gani sifa yake ni kuja?"

Bibi Pasi alichomoa kibanio mdomoni, akabana soksi moja, halafu ya pili akaitafuta ndani ya beseni kwa muda mrefu kuliko soksi inavyostahili kutafutwa.

Mambo yalibadilika mwanawe alipokuja likizo. Mvua ilimkuta kitandani, katika chumba chake cha utotoni, na tone likamwangukia shavuni. Asubuhi alizunguka nyumba nzima akinyanyua mabeseni na sufuria zilizokinga maji. Alipomaliza akamkalisha mama yake. Mimi nilikuwa nafagia uani, na ukuta wetu si mrefu.

"Mama, paa hili nitaligharamia mara moja. Fundi utachagua wewe mwenyewe. Likivuja tena msimu huu, nyumba tunaiuza, unakuja kukaa kwangu."

Hakuwa mtoto mbaya. Alisema kwa upendo, na ndiyo sababu mama yake hakupata pa kumbishia. Kwa mwanawe ni ghorofa ya nne. Bibi Pasi aliwahi kwenda kukaa huko. Asubuhi mwana na mkewe wanakwenda kazini, wajukuu shule, mlango unafungwa kwa ufunguo kwa ajili ya usalama, na yeye anabaki na televisheni asiyojua kuizima.

"Kule hata jirani wa kugombana naye hakuna," aliniambia, akinitazama usoni. Nikalipokea kama sifa.

Basi tukaanza kutafuta fundi, na uenyekiti nikajipa mimi. Wa kwanza alikuja na gari, viatu vyake vina ncha kama sindano. Hakupanda popote. Alisimama getini, akatazama paa kama mtu anayetafuta mwezi mwandamo, akataja bei papo hapo, na yote aliitaka mkononi kabla hajanunua hata msumari mmoja. Kisha akatuonyesha picha za nyumba kwenye simu, nzuri mno, mabati mekundu, bustani mbele.

"Hapa anakaa nani?" Bibi Pasi akauliza.

"Mteja wangu."

"Yuko mtaa gani, twende tukamsalimie?"

Simu ikarudi mfukoni. Jamaa akasema atatupigia, mpaka leo hajapiga, na manukato yake yalikaa kibarazani kuliko alivyokaa yeye.

Wa pili nilimpata kwa muuza mbao. Muuza mbao ndiye wa kuulizwa, kwa sababu anajua nani ananunua mbao kavu na nani anaokota masalia. Akanitajia Fundi Mnuno, na jina hilo hakuonewa. Alikuja kwa miguu pamoja na mdogo wake, wamebeba ngazi yao. Akapiga hodi, akaingia darini na tochi, akakaa huko mpaka tukadhani amelala. Aliposhuka nyusi zake zilikuwa na utando wa buibui.

"Mbao mbili zimeoza upande wa jikoni," akasema. "Mabati ya mbele mazima, usiyabadilishe. Ya nyuma yote yatoke. Misumari ilipigwa bondeni."

"Bondeni wapi?" nikauliza.

"Bati lina mlima na bonde. Maji yanapita bondeni. Msumari unapigwa mlimani."

"Alipiga marehemu mume wangu," akasema Bibi Pasi.

"Alikosea."

"Alikuwa dereva."

"Basi," akasema Mnuno, kama hakimu aliyefunga kesi.

Bibi Pasi alikuwa ameshamimina chai. Mnuno akasema akiwa kazini hanywi. Alipotuaga alitupa maneno mengi kuliko yote niliyowahi kusikia kinywani mwake: tusikubaliane naye leo. Twende kwanza kwenye nyumba aliyoiezeka zamani, si ya mwezi jana, maana paa jipya kila mtu analisifu. Twende mvua ikinyesha. Yeye hatafuatana nasi, kwa sababu akiwepo mwenye nyumba ataona haya kumsema.

"Hana adabu," Bibi Pasi akanung'unika, akinywa chai ya mgeni ili isiharibike.

"Hatutafuti mchumba, bibi."

Mvua ilipokuja tulikwenda, watu wawili mwavuli mmoja. Nyumba ilikuwa ya mzee mmoja mshona magodoro, mkewe alishatangulia mbele ya haki. Bibi Pasi akapita chumba kwa chumba, shingo ameikunja nyuma. Jicho la dobi hulidanganyi; doa la maji hata ulipake chokaa yeye analiona, lile duara lenye rangi ya chai iliyopauka. Alichungulia mpaka nyuma ya kabati. Hakuona doa hata moja, na juu yetu mvua ilikuwa inapiga bati mpaka tunaongea kwa kupaza sauti.

"Fundi wake alikuwaje?" nikamuuliza mzee.

"Mnuno? Alimaliza, mvua iliyofuata akaja kuangalia, akaenda zake. Tangu hapo sijamtia machoni. Arudi kufanya nini?"

Mzee akacheka kwa fahari. Akatuvutia viti, akatafuta vikombe, kimoja akakiosha mara mbili. Tulipotaka kuondoka akasema tungoje, bado inanyunya. Haikuwa inanyunya hata kidogo. Tulikaa.

Njiani nilimtania Bibi Pasi kuhusu yule mzee, kwamba ana nyumba kavu na magodoro ya kutosha, hakucheka. Tulipofika getini kwake ndipo akasimama.

"Wewe unadhani mimi sijui lami ni kitu gani?" akasema. "Nimekula chumvi nyingi na nimefua maisha yangu yote. Doa la kufunikwa nalijua na doa la kutoka nalijua. Yule Lami nilimjua tangu msimu wa kwanza."

"Sasa mbona kila mara unamwita?"

"Kwa sababu doa likirudi na yeye anarudi."

Miaka yote nilimwona mjinga anayeibiwa, kumbe alikuwa anajua bei na anailipa. Nilimwonea huruma mpaka nikakasirika, na sikujua nimkasirikie nani.

Nilidhani atanigeuka na kumwita Lami. Hakunigeuka. Alimchagua Mnuno mwenyewe, kwa kinywa chake, na wakaandikiana kabisa: mabati ya unene gani, mbao za aina gani, malipo yaende kidogo kidogo kadiri kazi inavyokwenda, na paa likivuja ndani ya mwaka fundi arudi bila kudai kitu. Hapo kwenye kurudi Bibi Pasi alicheka peke yake. Mnuno akamtazama, akatia sahihi.

Kazi ilikwenda kama walivyopatana. Mabati ya marehemu yaliposhushwa, Bibi Pasi aliyapanga uani kwa ukubwa, akayafuta vumbi, kisha akamwachia muuza vyuma chakavu. Mvua kubwa ikaja, ikapiga mtaa mzima bila huruma. Asubuhi yake Mnuno alipiga hodi, akapanda darini, akashuka.

"Kavu," akasema, na chai ikapoa mezani kama alivyoikuta.

Lami naye alipita na baiskeli yake. Alipunguza mwendo, akashusha mguu mmoja chini, akatazama juu kwa muda.

"Nani amekufanyia, mama?"

"Mnuno."

"Amepiga mlimani kote," akasema, tena kwa heshima. Akaahidi atakuwa anapita kumjulia hali. Hajapita. Simlaumu sana, fundi naye ana watoto, anapita penye kazi.

Mimi nilidhani hasara imeishia hapo. Kumbe lile paa lilikuwa linampa Bibi Pasi kitu kingine nisichokijua. Kila mvua iliponyesha, mwanawe alikuwa anampigia simu. Inavuja chumba gani, beseni limejaa, umesogeza kitanda, umekula, miguu haikuumi na hiyo baridi. Baada ya ile mvua kubwa akapiga kama kawaida.

"Mama, paa vipi?"

"Kavu."

"Hata jikoni?"

"Hata jikoni."

"Afadhali. Sasa nimetulia, sina tena wasiwasi na wewe."

Bibi Pasi alinisimulia maneno hayo kwa furaha, kwamba nyumba haiuzwi tena, amebaki kwake. Nami nilifurahi. Mvua iliyofuata mwana hakupiga. Nyingine ikaja, hakupiga.

Siku moja mvua ikiwa inanyesha nilikwenda kwake kuazima chumvi. Nilimkuta ameketi sebuleni, mabeseni yote yamerundikwa kona, makavu, simu iko mapajani.

"Nilitaka kumpigia nimwambie inavuja," akasema. "Kidogo tu, pale mlangoni."

"Angeuza nyumba, bibi."

"Ndiyo maana sikupiga."

Nikavuta kiti nikakaa. Haukupita muda wanangu wakaanza kuniita ng'ambo ya ukuta, kwanza mmoja, halafu wote kwa pamoja. Nikajifanya sisikii.

"Nenda, mwanangu," Bibi Pasi akasema. "Unaitwa."