Kombe la Kumtuliza Faiza

Watu wa Kikwajuni walishakubaliana: Faiza ana shetani. Mwanamke wa miaka arubaini na ushei, fundi cherehani mwenye wateja wake Mlandege, anasali, anafunga, mzima wa viungo, halafu kila akipata nafasi anafunga duka, anavaa raba, anajitwika begi na kuingia maweni peke yake! Kama si shetani ni nini? Angekuwa na bwana huko, hapo wangemwelewa. Wangemsema, lakini wangemwelewa.

Maweni yenyewe ni ile nchi kame ya kusini, nyuma ya Muyuni hadi unakaribia Jambiani. Si konde, wala si msitu wa kukaa kivulini. Ni jiwe tupu lililochongoka, linakata soli ya kiatu, na vichaka vya miba vimeng'ang'ania nyufani. Mvua ikinyesha jiwe linaimeza yote, hata kijito hukioni. Wenyewe wa huko huingia kukata kuni wakarudi. Faiza alikuwa akilala. Alichukua kibali kwa watu wa hifadhi, akabeba maji yake mgongoni, akafunga kihema chake. Kuna asubuhi aliamka akamkuta paa nunga, yule paa mdogo wa nadra, kasimama mbele yake, anamtazama kama mtu aliyekuta mgeni barazani kwake. Faiza alilia kwa furaha siku ile, na hakuwa na wa kumhadithia.

Mjini, tangu alipoachika, hatoki ila aulizwe: unakwenda wapi, kwa nani, utarudi saa ngapi? Kule hakuna anayeuliza. Hilo ndilo lililokuwa likimpeleka, si jengine.

Mwaka huu akataka safari kubwa: aanzie Muyuni, apite hifadhi ya Jambiani, atokee Jozani, amalizie Kiwengwa. Wiki nzima, peke yake. Akamwambia mama yake, Bi Mwanakheri, maana safari kama ile mtu haendi bila ya radhi ya mama.

"Radhi yangu huipati," akasema Bi Mwanakheri. "Wallahi huipati! Kwanza Maalim akutibu."

"Nnaumwa nini, mama?"

"Ulichokiokota huko maweni unakijua mwenyewe."

Ridhwan, kaka yake, akadakia. Ati watu msikitini wanamwuliza kama dada yake anafuga majini! Faiza damu ikamchemka.

"Wewe ulipotelea Dubai miaka, nani alikupeleka kwa Maalim?"

"Mimi mwanamme."

"Kumbe shetani anachagua?"

Lakini Bi Mwanakheri alikuwa analia, na Faiza machozi ya mama yake hayawezi.

"Haya, mwiteni huyo Maalim," akasema. "Ntalinywa kombe lake."

Maalim Mahfoudh akaja baada ya laasiri.

"Shikamoo, Maalim."

"Marahaba, mwanangu."

Akaandika aya kwa zafarani ndani ya sahani nyeupe, akaziosha kwa marashi, maji yale akayatia chupani. Ndilo kombe hilo. Faiza akapiga bismillahi, akanywa. Hakulidharau hata kidogo. Maneno ya Mungu ni yake pia, hayakushushwa kwa ajili ya Ridhwan peke yake! Akanywa asubuhi na jioni mpaka chupa ikesha, na Maalim akarudi kumwangalia. Akamsomea kichwani, akamwuliza anaota nini, akamtazama machoni.

"Msafi," akasema. "Kama alikuwapo, ametoka."

Bi Mwanakheri akapiga vigelegele, majirani wakaitikia, halua ikaliwa na kahawa ikanywewa.

Kulipokucha, Faiza akatoka chumbani kavaa raba, begi mgongoni.

"Ya Rabbi!" Bi Mwanakheri akapiga ukelele. "Amerudi!"

"Nani karudi, mama? Maalim kasema msafi. Au kombe la Maalim halifanyi kazi?"

"Astaghfirullahi! Usiseme hivyo!"

"Sisemi. Ndiyo nnakuuliza. Aliyetoka katoka. Huyu anayetaka kwenda maweni ni nani?"

Ridhwan alikuwa kasimama mlangoni, anasikia yote. Angesema nini? Akisema dada yake hajapona, amemfanya Maalim mwongo mbele ya mtaa mzima. Akisema amepona, basi mtu ana akili zake timamu.

Bi Mwanakheri akakaa kitako kwenye kitanda cha ukumbini. Akamtazama binti yake juu mpaka chini, taratibu.

"Kwa hivyo ni wewe?"

"Ni mimi."

"Siku zote hizo?"

"Siku zote, mama. Hakuna mwengine."

"Bora angekuwa shetani," akasema Bi Mwanakheri. "Shetani tungemtoa."

Maneno yale yalimchoma Faiza mpaka ndani. Akapiga magoti, akaushika mkono wa mama yake, lakini begi hakulitua.

"Nipe radhi, mama. Usiponipa ntakwenda nnalia njia nzima. Lakini ntakwenda."

Ridhwan akataka kusema neno, mama akamkata jicho, akanywea. Kisha Bi Mwanakheri akauchomoa mkono wake, akauweka juu ya kichwa cha binti yake, akasoma alichosoma, akampulizia.

"Unayo radhi yangu," akasema. "Haya inuka, nenda, kabla sijaghairi."