Udongo kwenye Paa la Bibi Ntandu

Siku ya kwanza kazini nilimuuliza mkubwa wangu swali kabla ya kumwamkia. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu, nimepangiwa Singida kuwa mkaguzi msaidizi wa majengo, na kitu cha kwanza nilichokiona ni kuta za ofisi ile ya enzi za ukoloni, nene kuliko hesabu zote nilizofundishwa. Nikauliza kwa nini ni nene hivyo, mkono ukiwa bado mlangoni. Mhandisi wa Ujenzi, mzee wa Kinampanda aliyevaa kaptula na soksi ndefu, hakuinua macho kutoka kwenye ramani yake.

"Huko chuoni shikamoo imefutwa?"

Nikaamkia. Akaitikia, kisha akasema hata yeye hajui, ila mchana zina ubaridi mzuri na hajawahi kutamani zipunguzwe. Tangu siku hiyo ofisi nzima iliniita Bwana Kwa Nini, na jina hilo nililibeba hadi nilipostaafu.

Tulifanya kazi kwa miguu na kwa kamba. Tulikuwa na pimamaji, yenye kiputo kinachokuonyesha kama sakafu imelala sawa, na timazi, kipande cha chuma kinachoning'inia kwenye uzi ili ujue kama ukuta umesimama wima. Upepo wa Singida uliichezea timazi, hivyo mmoja wetu alisimama upande unakotoka upepo, koti limefunguliwa kama pazia, ndipo mwenzake apime. Mimi nilikuwa mwembamba mno kuwa pazia. Nilipima.

Barabara kuu ilikuwa na maduka ya Wahindi, kila moja na baraza mbele ambako mafundi cherehani walishonea kivulini. Kuelekea Utemini zilianza tembe. Kwa asiyeijua, tembe ni nyumba ndefu ya kimo kifupi, kuta zake miti iliyokandikwa udongo, paa lake bapa. Juu ya nguzo yanalazwa mapao, kisha fito na nyasi, halafu udongo unashindiliwa mpaka unakuwa kama uwanja. Juu ya uwanja huo watu walianika mtama.

Miaka ile ya Ujamaa tulitaka nchi mpya ionekane kwa macho. Kamati ya mji ikaamua tembe zote za mjini ziondoke, zije nyumba za bati. Sikuwa mpenzi wa tembe. Nililelewa ndani yake kule Kinyangiri, nikaujua moshi wake na papasi wake waumao usiku. Nilichouliza ni kwa nini zote. Mhandisi akanijibu kwamba na yeye angependa kujua, ila aliyeamua ni Mwenyekiti wa kamati, na Mwenyekiti hapendi maswali.

Wengi walilipokea bati kwa furaha. Bibi Ntandu, mjane aliyeishi na wajukuu katika tembe kubwa kuliko zote Utemini, alikataa. Aliniambia amekwisha kulala kwenye nyumba ya bati ya mwanawe: mchana ilimkaanga, na mvua iliponyesha hakuisikia hata sala yake mwenyewe. Kama serikali inataka nyumba yake iwe ndefu kwenda juu, akasema, waje waiinue na yeye akiwa ndani.

Mwenyekiti akatangaza kwamba Jumamosi atakuja mwenyewe na vijana wenye sululu. Nikatumwa kupeleka habari. Bibi alinisikiliza huku akipepeta mtama, kisha akauliza jambo moja tu: huyo Mwenyekiti atakuja kwa gari au kwa miguu? Kwa miguu, nikamwambia, gari la kamati limeharibika. Akasema vizuri, akaendelea kupepeta.

Jumamosi tulilikuta paa limejaa watu. Nusu ya Utemini walikuwa wakiezeka upya, wanawake wakiimba Kinyaturu, udongo ukipanda kwa makarai. Mwenyekiti alikuwa amejiandaa kubomoa nyumba, si nyumba yenye watu juu yake. Alimwamkia Bibi. Bibi akaitikia na kumkabidhi karai lililojaa.

"Karibu, mwanangu. Paa likiwa wazi, mpita njia hapiti mikono mitupu. Ndiyo desturi yetu."

"Bibi, mimi nimekuja kwa kazi nyingine."

"Hiyo itangoja. Mkutanoni ulisema tufanye kazi kwa pamoja. Au ulikuwa unawaambia wengine?"

Nyimbo zikakatika. Mwenyekiti akamgeukia Mhandisi, lakini Mhandisi alikuwa amekwisha kuvua saa na anajitwisha karai lake. Basi Mwenyekiti akavua koti. Alipanda ngazi na udongo kichwani, akaumwaga, na vigelegele vilipopigwa akashuka kuchukua mwingine bila kuombwa. Wale vijana wa sululu wakazitumia kuchimba udongo.

Tulipoketi kula ugali wa mtama na mlenda, Bibi alimsogezea Mwenyekiti maji ya kunawa.

"Aliyetia udongo kwenye paa ni mwenye nyumba," akasema. "Ukiibomoa sasa, unabomoa ya kwako."

Mwenyekiti alicheka mpaka akaliweka tonge chini. Wiki iliyofuata kamati iliamua tembe moja ibaki mjini, watoto waione.

Mimi niliuliza, bila shaka. Desturi ile ipo kweli, au ilizaliwa asubuhi ile? Mzee mmoja alisema ni ya kale. Mwingine alisema hajawahi kuisikia. Wa tatu alikuwa anaezeka, akanipa karai.

Nilihamishiwa Kiomboi, nikajenga madarasa katika vijiji vya ujamaa, nikarudi Singida nikakalia kiti cha Mhandisi, ndani ya zile kuta nene. Bibi Ntandu alifia nyumbani kwake, chini ya paa lake. Vijana wa fani hii sasa huniuliza ni nini kihifadhiwe katika mji huu wa vioo na vigae, nami huwauliza kwa nini wanadhani ninajua.

Juzi nilipita Utemini. Pale palipokuwa na tembe ya Bibi, wajukuu wanajenga ghorofa. Fundi mmoja, kwa lafudhi mtu wa Mwanza, akaniita kutoka kwenye rundo la zege.

"Shikamoo, mzee. Leo tunamwaga paa, hupiti mikono mitupu."

"Marahaba. Kwa nini?"

"Desturi ya hapa, mzee. Tangu zamani sana."

Akanitilia zege nusu karai, kwa kunihurumia. Nikaegemeza fimbo yangu ukutani, nikamwambia alijaze.