Jino la Karani

Kazi yangu ilikuwa kung'ata. Watu wakiniuliza nilikuwa nafanya nini kule milimani kabla sijarudi ziwani, nawajibu hivyo hivyo, na hawanielewi mpaka niwaeleze. Soko huria lilipoingia, kahawa ya Mbinga ikaacha kununuliwa na ushirika peke yake. Zikaja kampuni binafsi na malori yao na mizani mipya inayong'aa, kila moja ikafungua kituo kando ya barabara. Kampuni moja ilinichukua niwe karani wa kupokea kahawa katika kijiji kimoja mbele ya Matiri. Mkulima anafika na gunia lake la kahawa ya maganda. Nalifungua, nazamisha mkono mpaka kwenye kiwiko, nachota punje za chini kabisa, kwa kuwa juu kila mtu anaweka nzuri. Naondoa ganda kwa ukucha, nang'ata. Punje kavu inagoma. Punje mbichi inapokea jino na kubaki na alama. Ikigoma, gunia linapanda mzani. Ikipokea jino, namwambia mwenye gunia, "Rudi ukaanike."

Maneno hayo mawili niliyasema mara nyingi kuliko sala. Watoto wa kijiji waliyashika, nikipita njiani wanajificha nyuma ya migomba na kupiga kelele, "Rudi ukaanike!" Nilikuwa nacheka. Mwanzoni nilikuwa nacheka kweli.

Nilipanga chumba kwa mama mmoja mjane, Mmatengo, mwenye kahawa yake nyuma ya nyumba na shamba la ngolo mlimani, yale mashimo ambayo wenyeji wa kule hulimia mahindi na maharage ili mvua isiukokote udongo bondeni. Nasema nilipanga, lakini sikuwahi kula peke yangu chumbani hata siku moja. Mimi ni mtu wa ziwani, nimekulia ugali wa muhogo na usipa, dagaa wa kwetu, na baridi ya kule ilinionea sana. Mama yule alinichemshia maji kila asubuhi bila kuombwa. Jioni aliniketisha upande wa moto ambao moshi hauelekei. Aliniita mwanangu. Najua, hata muuza nyanya sokoni anakuita mwanangu ili ununue fungu. Huyu alimaanisha, kwa sababu alinigombeza pia: mbona nimevaa nguo nyepesi, mbona nimeacha maharage, mbona nacheka na dereva wa lori.

Msimu wa pili ukungu ulikaa wiki nyingi, jua likawa la kuibia ibia. Mama akaleta gunia lake kituoni. Alikuja amevaa kitenge chake cha kanisani, akasimama kwenye foleni kama wengine, hakunitazama kwa namna ya kutaka upendeleo. Nilizamisha mkono, nikachota, nikang'ata. Jino liliingia. Nikachota tena upande mwingine, nikiomba moyoni. Liliingia.

"Mama," nikasema, "bado."

Sikuweza kumwambia aende akaanike. Lakini foleni nzima ilimwambia kwa niaba yangu, kwa vicheko, maana walikuwa wamengoja kuona kama karani atamkataa mama mwenye nyumba yake. Akafunga gunia, akajitwisha, akaenda. Jioni nilikuta maji ya moto tayari, chakula tayari, na nafasi yangu pale pale pasipo na moshi. Akasema, "Karibu, karani."

Hakuninyima kitu chochote isipokuwa lile neno. Angenifukuza ningejua la kufanya. Lakini kuletewa maharage na mtu anayekuita karani! Nilikaa nikisubiri, kesho atasahau, keshokutwa atasahau. Hakusahau. Tumbo likaanza kuniuma kila asubuhi nikikaribia kituo. Taya likawa gumu kama limefungwa kamba, nikiamka nasikia meno yanauma kwa kusagana usingizini. Kazi yenyewe ikazidi kuwa vita. Kampuni zilikuwa zinanyang'anyana wakulima, na wakulima wakatuzoea kama mtu anavyozoea mbwa wa jirani. Mmoja alinimwagia kahawa miguuni. Mwingine aliniuliza mbele ya watu kama kwetu ziwani tunajua hata mti wa kahawa unafananaje.

Siku moja meneja alikuja kutoka mjini. Ghala lilikuwa limejaa, lori limeharibika, na foleni imefika mpaka kwenye daraja. Aliitazama foleni ile, akaniambia kwa sauti ya kawaida kabisa, wala hakunong'ona, "Leo yote ni mbichi."

Hakuna gunia lililokuwa limefunguliwa.

Nikamwuliza, "Yote?" Akasema yote, waende nayo warudi wiki ijayo, na wiki ijayo tutaona. Nilivua koti la kampuni, nikalitundika kwenye ndoano ya mzani, nikaweka funguo za ghala juu ya meza. Nilitamani niwe na la kusema, la kukumbukwa. Nilisema tu kwamba tumbo linaniuma, na ilikuwa kweli. Nikapita pembeni ya foleni ile yote mpaka nyumbani kufunga mizigo.

Habari ilinitangulia. Wale wa mbele walikuwa wamemsikia meneja, na kufika jioni kijiji kizima kilijua kwamba ubichi wa kahawa huwa unaamriwa na mkubwa. Basi kila aliyewahi kurudishwa na gunia akaona amepata jibu lake. Niliona uso wa mama nikiwa nafunga begi. Nilitaka kumwambia yako ilikuwa mbichi kweli, mama, jino langu ndilo lililosema. Lakini nani angeamini hilo siku ile? Alinisindikiza mpaka barabarani, akanipa mahindi ya kuchoma nile njiani, akasema, "Safari njema, karani."

Nililia kuanzia pale mpaka lori lilipopita Tingi na ziwa likaonekana kule chini. Utingo alidhani nimefiwa, akanipa pole.

Shangazi yangu, dada yake baba, alinipokea bila maswali, na kwa mtu kama yeye hiyo ni kazi kubwa. Alikuwa anaanika usipa mchangani karibu na mji wa Mbamba Bay, na alikuwa malkia wa kioda. Kwetu kioda ni ngoma ya wanawake. Mnajipanga mistari, gauni nyeupe, vitambaa kichwani, mnakwenda kwa hatua fupi fupi mabega yakiitikia ngoma, na malkia ndiye mwenye filimbi, akipuliza mnageuka, akipuliza mnainama. Ana amri kuliko padri. Wiki yangu ya kwanza nilikaa naye kwenye usipa, na siku alipokuwa anakusanya uliokauka nikaokota mmoja, nikauweka kati ya meno, nikasema, "Bado, shangazi."

"Binti," akasema, "hapa hakuna kampuni. Nimeanika usipa tangu baba yako anatambaa. Kwanza mbona unatafuna kama unalipiza kisasi? Hebu fungua mdomo."

Nikafungua. Au nilijaribu. Taya liliishia njiani. Shangazi akanishika kidevu kama anamkagua mbuzi, akacheka mpaka akakaa chini mchangani, halafu akaacha kucheka.

"Jioni unakuja ngomani," akasema.

Nilimwambia sijui kucheza, nimeondoka nyumbani mdogo, nitawaharibia. Akasema ndiyo maana mstari una mkia. Mgeni wa kioda anasimama mwisho kabisa, awe mwalimu, awe mke wa diwani, na anabaki huko mpaka malkia amwone anafaa kusogea. Nikasimama mkiani, nyuma ya msichana aliyekuwa bado anasoma shule. Nilicheza vibaya kupita maelezo. Nilikuwa natazama miguu yangu, nikiikagua. Wakigeuka kulia mimi nageuka kushoto, nakutana nao uso kwa uso, wanaume wapiga ngoma wanashindwa kupiga kwa kucheka. Lakini kilichomkera shangazi si miguu. Alinijia na filimbi yake mdomoni, akaitoa, akasema, "Huimbi."

Kioda hakichezwi mdomo umefungwa. Mmoja anaanzisha, wote mnaitikia, na pumzi ya kuitikia ndiyo inayobeba hatua. Mimi nilikuwa nimebana meno na kucheza kimya kama mtu aliyebeba maji. Shangazi akatunga wimbo pale pale ili anilazimishe, kwa Kinyasa. Kwa Kiswahili ni kama hivi: karani ameacha mzani wake, anataka kutupima sisi, mwambieni ziwa halipimwi. Na kiitikio alichonipa niimbe mimi peke yangu kilikuwa, "Rudi ukaanike!"

Nilikasirika vibaya sana. Nikakiimba kwa hasira, kwa sauti ya juu, na taya likalia kwa ndani, ko! Wanawake wakapiga vigelegele. Nikakiimba tena. Sijui ni jioni ya ngapi niligundua kwamba tumbo haliumi. Najua tu kwamba siku moja niliamka na meno yametulia, nikakaa kitandani nikaanza kucheka, na shangazi akauliza kutoka jikoni ni nini, nikamwambia ni meno, akasema basi njoo ule nayo.

Nilikuwa na furaha mwaka ule, naisema wazi. Nilikuwa nanuka samaki, sina mshahara, nacheza kila jioni usipa ukishaanuliwa, na nilikuwa na furaha. Kitu kimoja tu kilinikwama kama mwiba wa samaki mbasa kooni. Nikimsikia mwanamke yeyote akimwita mtoto mwanangu, nageuka.

Kiangazi kilichofuata kikundi chetu kilialikwa milimani. Ndiyo desturi, wa ziwani wanapanda, wa milimani wanateremka, mnachezeana na kulishana. Shangazi alipotaja kijiji nikakaa chini. Nikamwambia siendi, nikamweleza yote, gunia, foleni, meneja, lile neno. Alisikiliza akichambua usipa.

"Na kahawa ya huyo mama, ilikuwa mbichi?"

"Ilikuwa mbichi, shangazi."

"Basi unaogopa nini?"

"Kwamba hajui."

Akasema twende akajue. Nikamsihi angalau ule wimbo tusiuimbe. Akasema ule ndio wimbo wetu mzuri kuliko zote, na yeye hana wazimu.

Tulifika mchana. Kule wenyeji huwapokea wageni mwanzo wa kijiji, wanawake wao wanasimama wamejipanga, na kila mmoja anakuja anachagua mgeni wake wa kumlaza na kumlisha. Nilimwona mama kabla hajaniona, na kitenge chake cha kanisani. Alikuja moja kwa moja upande wangu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, karani," akasema, akamshika mkono mwanamke aliyesimama karibu nami, akaenda naye.

Mimi nilichukuliwa na mtu mwingine, mkarimu, sikumbuki hata alinipa nini.

Kesho yake alasiri tukaingia uwanjani. Watu walijaa mpaka kwenye miti ya kahawa. Nilikuwa nimeshasogezwa kutoka mkiani, niko katikati, na shangazi hakunipa nafasi ya kuomba tena. Akapuliza filimbi, akauanzisha. Uwanja ulikuwa haujui Kinyasa, lakini kiitikio kilikuwa cha Kiswahili, na nilipokiimba, wakanitambua. Kelele iliyotoka pale! Watoto wale wale wa migomba wakaitikia pamoja nami. Nilicheza, mdomo wazi.

Wenye kupendezwa wakaanza kuingia kati ya mistari kutufuta jasho kwa kanga, kama ilivyo kawaida. Mama akaingia pia. Akaja taratibu, akasimama mbele yangu, akafungua pindo la kanga, akatoa punje za kahawa. Akaondoa ganda moja kwa ukucha, akaninyooshea.

"Ng'ata."

Shangazi aliona. Filimbi ikalia, ngoma zikashuka zikabaki chini chini, na sisi tukabaki tunakanyaga pale pale. Uwanja mzima ulikuwa unanitazama mdomo. Nikaiweka ile punje kati ya meno, nikijua jibu moja litanirudishia kila kitu nilichokitaka, na lilikuwa rahisi sana kulisema. Nikang'ata. Jino likaingia.

"Bado, mama," nikasema. "Ni mbichi."

Hakuna aliyecheka. Mama akanitazama usoni, akanitazama mdomoni.

"Nimeianika juzi tu," akasema. "Nilitaka kujua ile siku alisema nani. Mkubwa wako, au jino lako."

"Jino, mama."

Akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu anayeweka chini mzigo wa kuni. Halafu akachukua kanga, akanifuta paji la uso, mashavu, akashuka mpaka shingoni, kwa nguvu, kama anavyofutwa mtoto aliyejimwagia uji. Mimi nilisimama tu, punje iko mdomoni, miguu imesahau hatua.

"Sasa mbona umesimama?" akanigombeza. "Tema hiyo kahawa, mwanangu, ucheze."