Sentensi Moja kwa Wiki

Jumamosi hiyo tulikuwa wanne saluni: mimi nikisuka, mdogo wangu wa mwisho, aliyekuwa nyumbani likizo kutoka chuoni, ndugu yetu wa katikati, aliyekuja kutengeneza soketi, na mteja wangu, mwalimu wa sekondari ambaye sote tunamwita Madam.

Mdogo wangu ana kijitabu cha semi fupi alichonunua kwenye vitabu vya mtumba hapa Kariobangi. Nikiwa kazini hunisomea mstari mmoja, basi. Kitabu kinene kinataka mikono, na yangu imo kichwani mwa mtu tangu asubuhi. Sentensi moja nasuka nayo. Mchana naigeuza hivi, jioni nikiosha vyombo naigeuza vile. Wazazi walipofariki niliacha shule kidato cha pili. Darasa nililobakiwa nalo ni hilo, na mwalimu wangu ni yeye.

"Mlango uliofungwa polepole huchelewa kusikika," alisoma.

Madam akadakia papo hapo. "Huyo ni rafiki anayekuacha bila ugomvi."

"Ama ni wewe mwenyewe unajiacha," mdogo wangu akasema, macho yakimng'aa. Wakaanza kurushiana, huyu akimmalizia yule maneno.

"Hizo ni story za watu wameshiba," ndugu yetu akasema kutoka chini ya meza. Wakacheka wote. Mimi nilivuta nywele.

"Woi, dada! Hicho ni kichwa, si kamba!"

"Pole, Madam." Sikuwa na pole yoyote moyoni.

"Dada, wewe unaonaje?" mdogo wangu akaniuliza.

"Bado nafikiria."

"Kamstari kafupi hivyo?" Madam akashangaa.

"Mwache tu, Madam. Moja humtosha wiki nzima."

Mdogo wangu alilisema kwa mapenzi, na ndiyo maana liliniuma.

Tangu siku hiyo yeye na Madam wakawa wanatumiana semi kwa simu. Nilimwona akiitabasamia ile simu, na nilijua si mvulana. Angekuwa mvulana ningevumilia. Bado alikuwa akinisomea, ila mistari ilinifikia ikiwa imeshatafunwa.

Jibu langu lilikuja Alhamisi, nikianika nguo. Mimi hakuna aliyenifukuza shule. Jumatatu moja nilipiga pasi sare ya mdogo wangu, yangu nikaiacha kwenye kamba, na hakuna aliyeuliza. Sidhani Madam ana jibu kama hilo. Lakini nikimwambia mdogo wangu, ataona namhesabia niliyomtendea. Nisipomwambia, la Madam ndilo litabaki kuwa bora alilowahi kusikia.

Juzi alisimama mlangoni na begi lake, akirudi chuoni.

"Dada, una deni langu. Ule mstari hukuwahi kunijibu."

"Ngoja kwanza nimalize kichwa hiki," nikamwambia.

Akangoja kidogo, kisha akaenda.