Ukuta Wetu wa Magunia

Gunia lenye mchanga likilowa, likakauka, likalowa tena, hutoa harufu ya unga uliochacha na matope ya ziwa. Huku Fizi mlimani ninakoishi sasa, jirani yangu alipanga magunia machache ili maji ya mvua yasimwingilie jikoni. Asubuhi moja nilipopita karibu nayo, pua ilinirudisha Baraka, kwenye mtaa wetu wa ufukweni, mwaka ule Ziwa Tanganyika lilipokataa kurudi mahali pake.

Nilikuwa na miaka tisa. Nyumbani tulikuwa wawili tu, mimi na mama. Papa alikuwa ameenda Lulimba kuchimba dhahabu, na habari zake zilitufikia kwa shida, kupitia midomo ya wasafiri.

Maji yalipoanza kupanda, mtaa mzima ulitoka. Wamama walijaza mchanga kwenye magunia, wababa wakayapanga kama ukuta, sisi watoto tukayakanyaga yashikane. Niwaambie ukweli, kwetu ilikuwa sikukuu. Tuliimba, tukala samaki wadogo wa ziwani, ndagala za kukaanga, kwenye sahani moja. "Kidole moja haivunjake chawa," mama alipenda kusema, na siku zile ziwa lenyewe tuliliona kama chawa.

Lakini mawimbi hayachoki. Choo cha kina Neema, rafiki yangu, kilianguka, na familia yake ikaamua kuhamia kwa ndugu zao Lubondja. Mama yake alikuja kutuaga akiwa na godoro kichwani.

"Mama Furaha, twende. Mutabakia hapa na nani?"

"Na ziwa," mama akajibu akicheka. Kisha kicheko kikakatika. "Papa Furaha akirudia, atatukuta wapi?"

Wengine wakafuata. Kila familia iliyoondoka iliacha sehemu yake ya ukuta bila mtu wa kuitengeneza, na mama akaichukua. Akitoka sokoni aliweka beseni chini, akashika beleshi; mimi nilimshikia mdomo wa gunia. Hakuna aliyeimba tena. Nikitaka kuruka kamba, niliifunga ncha moja kwenye nguzo ya nyumba ya kina Neema. Nyingine niliizungusha mwenyewe, na kwa hiyo sikuweza kuruka. Wakati mwingine niliita, "Neema!" ili tu nisikie jina la mtoto mwenzangu likitajwa pale.

Siku moja alikuja mama mmoja mchuuzi, ametoka Lulimba. Alinipa mkate, akaniambia nikaulie nje. Wao wawili wakakaa nyuma ya nyumba wakinong'ona, na mimi nikasikia maneno mawili matatu tu.

"Iko na mutoto?" mama aliuliza.

"Iko naye. Kijana."

Nilidhani wanamsema mtu nisiyemjua. Mgeni alipoondoka, mama alichukua kisu, akaenda ukutani, akapasua gunia la kwanza. Mchanga ukammwagikia miguuni. Akapasua la pili.

"Mama, unafanya nini? Ziwa itaingia!"

"Iingie," akasema bila kunitazama. "Kamata nguo zako. Tunapanda kwa mama mukubwa."

Tulihamia kwa dada yake, mtaa wa juu, na haukupita muda nyumba yetu ikaanguka. Nilimkasirikia mama kwa miaka mingi. Niliamini papa alirudi, akakuta maji matupu, akageuka na mzigo wake begani. Kila mwanaume aliyepita barabarani na begi nilimfuata kwa macho mpaka apotee. Nilipomrushia mama lawama hizo usoni, aliendelea kuchambua mboga zake za lengalenga.

Nilikuwa mtu mzima mama mukubwa aliponieleza kwamba papa alikuwa ameoa Lulimba, na hakuwa na nia ya kurudi. Mama alilijua hilo tangu siku ya yule mchuuzi, na hakuwahi kunitajia hata mara moja. Alikubali nimkasirikie yeye, ili mimi nibaki na papa wa kumngoja.