Dada Kimya Anatafuta Uso

Uani mwa chuo kuna mabenchi matatu, na yote yamejaa nyuso. Zimeoshwa, hazina poda wala wanja, zinang'aa kama sahani zilizotoka kufutwa. Kila mtahiniwa amekuja na wake: huyu na dada yake, yule na mpangaji mwenzake, mwingine na bosi wake wa zamani aliyebembelezwa mpaka akachoka kukataa.

Mwanamke mmoja tu amekuja na begi peke yake. Amelipakata kama mtoto mwenye homa. Kila lango likilia anainua kichwa, na kila akiona aliyeingia anakiinamisha tena.

Leo ni mtihani wa vitendo wa leseni ya mtaalamu wa ngozi wa ngazi ya juu. Ndiyo leseni inayomruhusu mtu kushika asidi za kuchubulia ngozi na mashine ya visindano. Bila hiyo utaosha watu nyuso na kuwapaka udongo mpaka uzeeke. Kanuni ya kwanza ni nyepesi kuitamka: kila mtahiniwa awe na mtu mzima mmoja, mwenye ngozi isiyo na kidonda, aliyekubali kwa hiari yake kufanyiwa kazi usoni. Asiye na uso hana mtihani, na mtihani mwingine ni mwakani.

Chuoni wanamwita Dada Kimya. Jina hilo alipewa kwa mzaha, wiki ya kwanza, kwa sababu alifanya kazi bila kutoa sauti. Wakati huo hakuna aliyejua ukimya ule ameupatia wapi.

Aliupatia mochwari. Kwa miaka kumi na minne alikuwa mhudumu wa chumba cha kuhifadhia maiti, kazi yake kuwaandaa marehemu: kuwaosha, kuwachana, kuwapaka mafuta, kuficha chubuko kwa poda ili anayekuja kuaga asiondoke na picha mbaya kichwani. Kazi aliipenda, na hilo halisemi kwa kunong'ona.

"Msibani watu wanakumbuka nani alilia na nani hakulia," anasema. "Mimi nilikuwa nashughulika na nyusi."

Anamkumbuka mjane mmoja aliyesimama mbele ya mumewe kitambo, akafuta machozi, kisha akamvuta mhudumu pembeni kumuuliza ni mafuta gani yale, maana mzee hakuwahi kupendeza vile akiwa hai. Dada Kimya alimtajia. Akiwa njiani kurudi nyumbani ndipo wazo lilipomwingia, kwamba wapo watu ambao wangelipia uso mzuri wakiwa bado wanaweza kujitazama kwenye kioo.

Pengine lingebaki wazo tu, kama si kifua. Dawa ya kuhifadhia maiti ilikuwa imeanza kumla taratibu. Akipanda ngazi alihema kama pampu ya baiskeli. Daktari alimwambia achague kati ya kazi na mapafu, akaongeza kwamba kazi nyingine inaweza kupatikana.

Basi akiwa na miaka arobaini na moja akakaa darasani na mabinti wanaolingana na mwanawe wa kwanza. Mumewe, fundi cherehani, aliuza mashine yake ya pili ili ada itimie. Kwa muda mrefu alizoea kuweka kikombe cha chai pale mashine ilipokuwa, kana kwamba meza ile inaona aibu kukaa tupu.

Shida ikaja kutoka upande ambao hakuutazamia. Walio hai walimshinda.

Aliwageuza vichwa bila kuwaomba, kama mtu anavyogeuza chungu kwenye rafu. Mikono yake ilikuwa baridi, na hakujua kwamba ni baridi, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwambia. Siku moja alikuwa anamkanda mteja mashavu, chumba kimetulia, mara mteja akafumbua macho kuuliza saa. Dada Kimya aliruka hatua nzima nyuma, beseni likaenda upande wake na taulo upande wake. Darasa lilicheka mpaka mwalimu akatafuta kiti. Naye alicheka. Yeye peke yake ndiye aliyejua alichokiona kwa ile nukta moja.

Lakini asidi haina mzaha, na asidi inahitaji mazungumzo. Unaipaka, unasimama na feni ndogo mkononi, unamuuliza aliyelala: inawasha kiasi gani, kutoka moja hadi kumi? Akisema tatu, endelea. Akisema saba, izimue upesi. Macho yako hayatoshi, kwa sababu ngozi huchelewa kuonyesha kinachouma.

Mwaka jana, mbele ya mtahini, aliipaka asidi kwenye paji la uso la jirani yake vizuri, bila tone kwenda kusikotakiwa. Kisha akanyamaza. Akasimama, akatazama rangi, akasubiri kama alivyozoea kusubiri. Jirani naye akanyamaza, akidhani maumivu ni sehemu ya huduma, huku machozi yakimwingia masikioni. Mtahini ndiye aliyeyaona.

"Zimua hiyo asidi sasa hivi," alisema. Kisha akamgeukia aliyelala. "Na wewe mama, kwa nini hukusema?"

"Sikuulizwa," jirani akajibu.

Mtihani alishindwa. Alama iliyobaki pale kwenye paji ilififia baada ya miezi. Ujirani nao ulipona, lakini si wote: jirani amemweleza wazi kwamba chumvi atampa, sukari atampa, watoto atamwangalizia, ila uso wake asiutazame hata kwa jicho la pembeni.

Tangu hapo Dada Kimya amejifunza kuuliza, kama mtu mzima anayejifunza kuogelea. Alianza na sanamu ya kichwa, sebuleni, akiipaka maji na kuisemesha kwa heshima zote. Mumewe alikuwa akipita na futi shingoni, anasimama, anatikisa kichwa. "Mke wangu, umeacha wateja wasiojibu, umenunua mwingine asiyejibu." Ikabidi akae yeye kwenye kiti, apakwe maji, aulizwe. Alijibu tisa kila mara, kwa makusudi, mpaka akapigwa na taulo.

Mtihanini, hata hivyo, hafai. Ana ndevu, na kanuni hazitaki ndevu. Alikuwa tayari kunyoa, lakini uso uliotoka kunyolewa haupakwi asidi.

Wala hakuwa anahitajika, kwa kuwa Dada Kimya alikuwa na uso tayari. Ulikuwa wa Msusi, mwenzake wa kitanda kimoja cha mazoezi darasani: binti aliyesuka nywele za watu miaka mingi kabla ya kuja chuoni, mwenye mikono ya haraka na mdomo wa haraka zaidi. Walipangwa pamoja tangu Dada Kimya aliporudia darasa mwaka huu, kila mmoja akijifunzia juu ya mwenzake, wakakubaliana kupeana nyuso siku ya mtihani.

Wiki tatu zilizopita, mchana, mwanaume mmoja alifika darasani kumfuata mkewe aliyekuja kuhudumiwa. Alipomwona Dada Kimya alisimama, akavua kofia, akamshika mkono kwa mikono yake miwili.

"Wewe ndiye uliyemwandaa mama pale mochwari," alisema. "Alikuwa kama amelala. Sikupata nafasi ya kukushukuru."

Alikuwa analia, mtu mzima yule. Dada Kimya alimpa pole upya, akamsindikiza mpaka mlangoni. Alipogeuka, darasa zima lilikuwa limeacha kazi. Msusi alikuwa amechukua taulo, anajifuta shavu. Akalilowesha, akajifuta tena. Akahamia shavu la pili.

Siku ya kujitambulisha Dada Kimya alikuwa amesema ametoka hospitali. Wakadhani ni nesi, naye akawaacha wadhani.

"Ungesema, dada," Msusi alimwambia jioni ile, na sauti yake haikuwa na mzaha hata chembe. "Ningeamua mwenyewe. Miezi yote hii unanishika kope, unanishika midomo, na mimi nimelala tu nimefumba macho kama mjinga."

Kesho yake kitanda chao kilikuwa na mtu mmoja.

Mkuu wa chuo, mama mpole anayechukia kelele, alijaribu kusuluhisha. Akamwita Dada Kimya ofisini na kumweleza kwamba anachotaka Msusi ni kidogo: asimame mbele ya darasa, awaombe radhi kwa kuwashika na mikono ile. Neno moja, yaishe, afanye mtihani wake.

Dada Kimya aliuliza mikono ile ni mikono gani. Mkuu wa chuo akatazama dirishani.

Alilala na jambo hilo, akaamka nalo. Mumewe alimshauri aseme tu. "Mbona mimi nakuomba radhi kila wiki na hata sijui nimekosa nini?" Alicheka, lakini darasani hakusimama. Akaanza kutafuta uso mwingine. Rafiki wa kanisani alikubali, kisha akapata safari. Binti wa duka la dawa alikubali, kisha akasikia habari. Kila mmoja alimwomba radhi kwa upole mkubwa, na kila radhi ilimwacha bila uso.

Aliyebaki ni wifi yake, mdogo wa mumewe. Huyo ndiye anayemngoja hapa benchini, macho langoni.

Simu inatetemeka ndani ya begi. Wifi amefika kituoni, lakini mama mkwe wa Dada Kimya amempigia na kumkataza katakata asije. Nisamehe, wifi.

Dada Kimya anairudisha simu taratibu. Anatoa chupa ya maji, anasahau kunywa. Ameshaacha kazi mochwari na nafasi yake ina mtu. Hata wangemrudisha, kifua hakirudi. Anajaribu kuwaza atakavyomwambia mume, na kila sentensi inaishia kwenye ile mashine iliyouzwa.

Mlangoni mkaguzi ameanza kupitisha nyuso, moja moja, na taa ya kukuzia. Anafika kwa Msusi aliyekuja na binamu yake, msichana aliyejipamba mpaka kucha. Taa inakaa juu ya shavu la binamu, inakaa sana.

"Jana umejipaka nini, binti?"

Binamu anaeleza kwa fahari. Amejisugua kwa sukari na limau karibu usiku kucha, akarudia asubuhi, ili asije kumwaibisha dada yake mbele ya watahini. Alitaka aje msafi.

Mkaguzi anazima taa. Ngozi imechubuka, ikiguswa na asidi itaungua. Hapiti.

Msusi anamtoa binamu nje ya lango kwa kumsukuma bega, anarudi, anasimama katikati ya uwanja. Mabenchi yamebaki na watu wachache. Karani anatangaza kwamba mlango unafungwa muda si mrefu. Msusi anatembea mpaka kwenye benchi la Dada Kimya na kuketi mwisho kabisa, kama abiria asiyetaka kuongea na jirani.

"Kanuni zinaruhusu tupeane," anauambia ukuta.

"Najua kanuni."

"Basi sema lile neno, dada. Hapa hapa. Hata darasa halipo, nimekupunguzia."

Dada Kimya anafunga zipu ya begi. "Wewe ndiye unayeitwa kwanza," anasema. "Uso wangu huu, njoo ufanyie kazi."

Wanaingia bila kutazamana. Mkaguzi anawamulika wote wawili, anawapitisha.

Akiwa amelala chali, Dada Kimya anakiona kile ambacho wateja wake wa zamani wangekiona kama wangeweza: dari, taa, kidevu cha anayekushughulikia. Msusi ana haraka yake ile ile, lakini mkono hautetemeki. Inawasha kiasi gani? Mbili. Na sasa? Nne. Anajibu kila swali, na chini ya kila jibu lipo swali ambalo hamuulizi mtu: huyu akimaliza kazi yake, kuna kitu gani kitakachomzuia kuchukua begi na kwenda?

Anajilazimisha kuwaza chumba atakachofungulia kazi akifaulu. Amekwisha kukichagua, kiko nyuma ya duka la vitabu, kina dirisha moja na sinki linalovuja. Kitanda kimoja, kiti kimoja cha anayesubiri. Mumewe amemshonea mashuka meupe manne, ingawa alikatazwa asishone kabla ya majibu. Kwenye kibao cha mlangoni anataka iandikwe kazi yake ya sasa, na mteja akiuliza ya zamani, atamjibu kabla hajalala.

Mtahini anaandika, anamshukuru Msusi, anafungua ukurasa mpya. "Badilishaneni."

Dada Kimya anaketi, anafuta uso, anashuka. Anatandika shuka jipya, anaosha mikono, anavaa glovu. Kitanda ki tupu. Msusi amesimama kando yake na begi begani, kazi yake imeisha, na mlango uko hatua chache tu.

"Mtu wako yuko wapi?" mtahini anauliza bila kuinua macho.

Maji yanadondoka kwenye beseni. Kisha Msusi anashusha begi, analisukuma chini ya kitanda kwa mguu, anapanda na kulala. Anafumba macho kwa nguvu, kama mtu anayesubiri sindano.

"Nakugusa sasa, naanzia shavu la kulia," Dada Kimya anasema, kwa sauti inayofika mezani kwa mtahini.

"Bado nasubiri," Msusi ananong'ona, midomo ikisogea kidogo tu. "Naweza kuinuka saa yoyote, unajua. Neno moja tu, dada."

Dada Kimya anainama kana kwamba anakagua ngozi. Anahofia kifua kitamsaliti kwa kikohozi.

"Wale niliowaosha walikuwa mama za watu," anasema polepole. "Ukitaka kuinuka, inuka, mdogo wangu. Mimi siombi radhi."